Laini ya Usangu

Mwanangu Tusekile,

Baba yako amekwisha kukueleza habari za sweta, za kufunga sanduku vizuri, na za kuchagua kiti cha upande usiopigwa na jua. Shangazi yako amekueleza ya wanaume. Mimi sina la kuongeza hapo, na nikiyarudia utanisikiliza kwa adabu huku akili yako iko kwingine, nakufahamu. Sasa hivi nakusikia chumbani ukibishana na mdogo wako ni nani abaki na blanketi la bluu. Mwachie. Mbeya watakuuzia lingine, tena zito zaidi, maana baridi ya kule naijua. Nilizaliwa Tukuyu, nikasoma Mbeya, kabla baba yako hajanileta huku kwenu Kihesa.

Nakuandikia kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo yatanishinda katikati. Uyasome usiku huu, kabla hujalala. Usiyasome ndani ya basi, kichwa kitakuuma.

Unakwenda kukaa mbele ya swichibodi ya simu, kazi ile ile niliyoifanya mimi hapa Iringa tangu hujaanza shule. Kozi umemaliza. Kuchomeka, kuchomoa, kuita, kupokea, kuandika tiketi, hayo umefundishwa na watu wanaojua kuliko mimi. Ninalotaka kukueleza ni lile ambalo sikufundishwa, nikalipata kwa kugongwa. Na humo ndani kuna habari ya mkono wako, ambayo uliijua nusu tu.

Nianze na ujinga wangu. Nilipoanza kazi nilikuwa na haraka. Laini za kwenda Mbeya zilikuwa chache na watu walikuwa wengi, wanasubiri kwenye mabenchi pale nje tangu asubuhi. Mimi niliona sifa ya opereta ni kuwapitisha upesi. Nilikuwa naingia kwenye laini, nasikiliza, nikikuta kimya nauliza mara moja, "Mnaongea?" Nisipojibiwa nachomoa kamba, nampa mwingine. Wenzangu waliniita cherehani.

Siku moja nilichomoa laini ya namna hiyo. Haikupita muda, bwana mmoja wa Ipogolo akasimama dirishani kwetu. Alikuwa amewapigia ndugu zake walioko Mbeya, nao walikuwa wamekwenda kumchukua mama yake kwenye benchi la nje kule kule ili wamlete kwenye simu. Mama mwenyewe alikuwa mzee, anatembea kwa kushikwa. Alipofika na kuinua simu, akakuta imekufa. Yule bwana hakugomba. Aliniuliza tu, "Dada, ulisikia nini hata ukakata?"

Nikamjibu kwamba sikusikia kitu.

"Basi," akasema, "ulikata kwa sababu hukusikia kitu."

Akarudi kwenye benchi kusubiri upya. Laini haikupatikana tena siku hiyo. Msimamizi wetu, mzee Chaula, Mkinga wa Makete ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa amesikia yote. Aliniambia kwamba watu wanaponyamaza kwenye simu, mara nyingi ndipo wanapofanya lile walilopigiana simu kwa ajili yake. Mtu ameweka mkono wa simu mezani, amekwenda kutafuta barua, amekwenda kumwita mgonjwa. Kabla hujachomoa, akasema, mtafute mwenyewe mwenye laini umwulize kama amemaliza. Usiulize masikio yako.

Ujinga wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu watu waliusifu. Nilikuwa na kichwa kizuri. Kamba zikiwa zimejaa ubaoni kama utumbo wa mbuzi, mimi nilijua kila moja ni ya nani, inakwenda wapi, nani anasubiri nini. Sikuandika ila lile lililolazimu. Sikumwambia mtu. Nikiulizwa, nilijibu, "Acha, nimeishika." Nilijiona sina badala.

Basi homa ikanikamata kazini, nikatolewa kwenye kiti natetemeka. Aliyeshika nafasi yangu ni Sarafina, huyu huyu unayemwita mama mdogo. Wakati ule hatukuwa tunapatana. Yeye ni mtoto wa misheni ya Tosamaganga, taratibu, anaimba puani saa zote akifanya kazi, na mimi nilimwona mzito. Akakaa mbele ya ubao uliojaa kamba ambazo maana yake ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa kimelazwa nyumbani. Ikabidi aingie laini moja moja kuuliza, samahani, wewe ni nani, unaongea na nani. Watu walimtukana sana siku ile. Niliporudi nilisema maneno mabaya, kwamba angekuwa mwepesi angeelewa.

Mzee Chaula alinichukua pembeni. Tangu leo, akasema, hakuna atakayenyanyuka kwenye kiti kabla hajamweleza anayekaa kila kamba kwa sauti: ya nani, inakwenda wapi, inasubiri nini. Nikamwambia hiyo ni kupoteza muda. Akanijibu maneno ambayo mpaka leo nayasema kwa kila anayeanza kazi kwetu: "Kamba isiyo na jina ni ya yeyote atakayeichomoa."

Nilitii, lakini shingo upande. Nilizitaja kamba zangu kwa Sarafina kila mwisho wa zamu kama mtoto anayekariri sala asizozielewa. Moyoni niliendelea kuamini kwamba mimi nikitoka, mambo yanaharibika.

Sasa nakuja kwenye mkono.

Ulikuwa darasa la tano. Yalikuwa masika mabaya, mvua ya siku nyingi, na nguzo za simu zilikuwa zimeanguka huku na huku. Asubuhi ile nilipokaa kwenye kiti, laini zote za Mbeya zilikuwa zimekufa ila moja. Nayo ilikuwa na kelele kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Opereta wa upande wa Mbeya alikuwa Mwaipopo. Utamkuta huko bado, mpe salamu zangu. Kila siku alianza kwa kunisalimu "Ugonile" kwa sababu alijua mimi ni wa nyumbani, na siku ile hakunisalimu. Aliniambia nimpatie daktari wa hospitali yetu upesi. Alikuwa na laini kutoka bonde la Usangu, kwenye shamba moja la mpunga. Kuna mama pale, Msukuma, mke wa mmoja wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe zao. Amebeba mapacha. Wa kwanza amezaliwa tangu alfajiri, wa pili amekwama, amelala kimshazari, na mkono umetangulia. Mto umefurika, gari halipiti. Daktari wa Mbeya aliyejua kazi hiyo alikuwa amekwenda Makongolosi, ambako wachimbaji walikuwa wamefukiwa. Pale shambani yuko nesi mmoja tu wa zahanati, na simu iko ofisi ya shamba. Kwa kuwa simu haiwezi kumfuata mgonjwa, walikuwa wamembeba mgonjwa wakamlaza juu ya meza ya karani.

Nilimpata daktari. Nilikuwa namfahamu kwa sauti tu, mtu wa Kilimanjaro, msemaji wa haraka. Wenzake walikuwa wamekwenda vijijini kuchanja, kwa hiyo alikuwa peke yake. Tatizo likawa kwamba yeye na nesi hawakuweza kuelewana: sauti ilifika kwa mbali, maneno yalipotea njiani. Mimi nilimsikia Mwaipopo, Mwaipopo alimsikia karani wa shamba, na basi. Kwa hiyo daktari aliniambia mimi, nami nikamwambia Mwaipopo, naye akamwambia karani, na karani akamwambia nesi aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake. Na nesi akitaka mama afanye jambo, alimwambia mume, mume akalisema Kisukuma. Neno lilisafiri hivyo, na jibu likarudi kwa njia ile ile.

Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Kwanza daktari hakutaka waguse kitu mpaka aelewe. Alimwuliza nesi mambo mengi. Nesi alijibu vizuri. Alikuwa anaogopa lakini hakudanganya. Hakuwahi kufanya kazi ile, alikuwa ameiona mara moja tu alipokuwa masomoni. Daktari akaamua kwamba itabidi aingize mkono, amgeuze mtoto ndani, amvute kwa miguu. Akaeleza namna ya kunawa, mpaka kwenye kiwiko, na kucha zikatwe. Akaeleza namna ya kusubiri uchungu upoe. Kisha akaniambia, na mimi nikayatamka mbele ya ofisi nzima, "Mwambie atafute mguu, asishike mkono tena. Mguu atautambua kwa kisigino. Mkono hauna kisigino."

Nikasikia Mwaipopo akirudia: mkono hauna kisigino. Halafu karani akaweka simu mezani ili akashike taa, na laini ikanyamaza.

Daktari akaniambia nisiguse kitu. Inaweza kuchukua muda mrefu, akasema, na nesi atarudi tu akiwa na swali au akiwa amemaliza.

Ni katika kimya hicho ndipo taa nyingine ya hospitali ilipowaka ubaoni kwangu, ile ya mapokezi. Nikachomeka kamba nyingine. Alikuwa karani wa mapokezi, mama tunayesali naye. Akasema, "Mama Tuse, usishtuke. Mtoto yuko hapa na mwalimu wake."

Mlikuwa mmekwenda kuteleza kwenye mawe ya Kihesa, wewe na wenzako, mmekalia majani kwenye jiwe lililolowa. Hilo unalikumbuka kuliko mimi. Ulidondoka upande wa chini na mkono wa kushoto ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Nikamwuliza ni vibaya kiasi gani. Akasema msaidizi wa wodi ana wasiwasi, kwa sababu vidole vyako vimeanza kupauka na kuwa vya baridi, mfupa unabana mshipa, na yeye hawezi kuurudisha. Anayeweza ni daktari. Na daktari, akasema, hatoki kwenye simu tangu asubuhi, amefunga mlango.

Baba yako alikuwa Mafinga anafuata mbao. Alikuwepo nani mwingine?

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, Tuse, bila kuipamba. Kamba ya daktari ilikuwa mbele ya mkono wangu wa kulia. Laini ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa akiongea upande wowote. Mvua ilikuwa ikinyesha na tangu asubuhi laini zilikuwa zikijikatia zenyewe. Kama ningeichomoa, daktari angesubiri kidogo, angeita, angekata tamaa, angefungua mlango na kukukuta wewe hapo kwenye benchi. Hakuna mtu duniani ambaye angeuliza. Nilishika ile plagi kwa vidole viwili. Nakumbuka ilikuwa na joto, kwa sababu ilikuwa imekaa hapo muda mrefu.

Sikuichomoa. Usidhani ni kwa wema. Ni kwamba nilikuwa nimelitamka lile neno, kisigino, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilijua kwamba wakati ule ule kule Usangu mkono wa mtu ulikuwa ukikitafuta.

Badala yake niliingia kwenye laini nikamwambia daktari kwamba kuna mtoto mapokezi, mkono umevunjika juu ya kiwiko, vidole vinapauka. Sikumwambia ni wa nani. Akaniuliza tangu saa ngapi. Nikamwambia. Kisha akaniuliza kama Usangu wamerudi kwenye simu. Nikamwambia bado.

"Sikiliza, dada," akasema. "Naiweka simu mezani, siikati. Nakwenda kumwona huyo mtoto, narudi. Nikirudi naitaka laini hii hii. Wakiita kabla sijarudi, tuma mtu anigongee."

Nikasikia simu ikigonga meza, na viatu vyake vikienda.

Kwa hiyo tukabaki na laini ambayo huku daktari ameondoka, na kule nesi na karani wameweka simu chini. Hapakuwa na mtu kwenye ncha yoyote. Kwa macho ya ubao ilikuwa laini iliyokufa, na ilikuwa ndiyo laini pekee iliyofika Mbeya siku ile.

Na mimi nilitaka kuja kwako. Sarafina alikuwa kwenye ubao wa simu za mjini, pembeni yangu. Alikuwa amesikia kila kitu. Akavua hedifoni, akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Nipe."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia haelewi, tumeanza tangu asubuhi, Mwaipopo amezoea sauti yangu, nikitoka mimi itakatika. Mzee Chaula alikuwa amesimama pale. Alinitazama tu, na mimi nikajua anachosubiri nifanye.

Nikamkabidhi. Kwa mara ya kwanza nilitaja kamba nikiwa namaanisha. Hii ni ya daktari na Usangu, kupitia Mbeya kwa Mwaipopo. Iko kimya, lakini ina watu. Nesi anageuza mtoto. Daktari amekwenda mapokezi, atarudi. Karani akiita, tuma mtu hospitali. Mwisho walipofika ni kisigino. Sarafina akarudia yote neno kwa neno, akakaa, akaanza kuimba puani.

Nilitembea mpaka hospitali kwenye mvua nikiwa na hakika kwamba laini imekufa nyuma yangu. Nilikuwa nalia, na nilikuwa sijui namlilia nani kati yenu.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kukurudishia mfupa. Ulikuwa umelala, jasho limekutoka, mwalimu wako amekushika miguu. Vidole vilikuwa vimerudia rangi yake. Nilivishika kimoja kimoja. Msaidizi wa wodi ndiye aliyekuwa anafunga plasta. Aliniambia daktari ameuvuta ule mkono mara moja tu, akasikiliza mshipa, akasema inatosha kwa sasa, damu inapita, kunyoosha vizuri tutaona baadaye, akakimbia. Mlango wa ofisi yake ulikuwa mwisho wa ukumbi na safari hii ulikuwa wazi.

Nikasikia sauti yake. Alikuwa anaongea na simu. Nilikaa kitandani kwako, nikasikia akisema, vuta taratibu, usivute peke yako, msubiri mama asukume. Halafu kimya. Halafu akasema, kichwa bado? Halafu kimya kirefu mno. Muuguzi aliyekuwa akipita na beseni alisimama naye.

Halafu daktari akasema, kwa sauti ya chini kuliko zote alizotoa siku ile, "Analia? Basi mfunikeni."

Ile laini ilikuwa hai, Tuse. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chako, nimelowa, sina kamba hata moja mkononi, na ilikuwa hai.

Wewe uliamka ukaniuliza kama utapigwa kwa kuteleza kwenye jiwe. Nikakwambia hapana. Ukaniuliza kwa nini basi nalia. Sikukujibu. Jibu lake ni hii barua.

Sarafina alinisimulia yaliyotokea huku nyuma. Nilipotoka tu alikuja bwana mkubwa mmoja wa ofisi, sitamtaja, alikuwa na shida na Mbeya na alikuwa amechoka kuambiwa asubiri. Alikuja mwenyewe mpaka ndani. Akaambiwa laini ina watu. Akachukua kipokezi cha pembeni akasikiliza, akasema, "Hapa hapana mtu." Sarafina akamjibu, "Wapo, mzee. Wana kazi." Mzee Chaula akamletea kiti. Bwana yule akakaa na kipokezi sikioni, akingoja kuwaumbua. Wakati wote huo Sarafina aliendelea kuimba puani ndani ya laini, zile nyimbo zao za misheni, si kwa makusudi, ni mazoea yake. Kumbe kule Usangu mume wa yule mama alikuwa ameinamia ile simu iliyowekwa mezani, hajui kuitumia, anasikia mwanamke anaimba kwa mbali. Baadaye karani alimweleza Mwaipopo kwamba yule mume alikuwa akimwambia mke wake: wapo, bado wapo, nawasikia.

Karani wa shamba aliporudi kwenye simu na swali, daktari alikuwa amekwisha kurudi kitini. Sarafina akarusha maneno huku na huku kama nilivyofanya mimi, tena polepole zaidi, na Mwaipopo alisema walimsikia vizuri kuliko mimi. Mtoto alipolia, yule bwana mkubwa alisimama, akavaa kofia, akaondoka bila kupiga simu yake.

Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Kwa Wasukuma, mapacha wana majina yao tayari. Aliyetangulia ni Kulwa, huyu wa pili ni Doto. Sijawahi kuwaona. Watu wa ng'ombe huhama, na sijui kama wapo Usangu hadi leo. Ukipita bondeni kesho usiwatafute dirishani, ni pakubwa.

Na mkono wako ndivyo ulivyokuja kupinda hivyo. Daktari alitaka kuuvunja tena plasta ilipotolewa, aunyooshe sawasawa. Wewe mwenyewe ulikataa, ulilia mpaka baba yako akasema basi. Nimekuona unavyouficha ndani ya kitenge kanisani. Nimesikia ulivyoitwa shuleni. Ulifikiri ni kwa sababu hospitali haikujali, au kwa sababu mimi nilichelewa. Ni kwa sababu siku ile daktari alikuwa mmoja, na alikuwa na kazi mbili, na alikupa wewe muda wa kukuokoa mkono, akampa Doto uliobaki. Sikukwambia mapema kwa kuwa niliogopa utamchukia mtoto usiyemjua. Sasa u mtu mzima, na mkono huo huo ndio uliochomeka kamba upesi kuliko wenzako wote kwenye kozi. Mwalimu wako aliniandikia.

Sikuandikii haya ili ukathamini kazi kuliko mwili wako. Nimeona wengi wakiharibika hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nakuandikia kwa sababu najua una kichwa kama changu. Utaufahamu ubao wa Mbeya mapema, watakusifu, na utaanza kusema "Acha, nimeishika." Utakataa likizo. Utakula umekaa kitini. Utamwona mwenzako mzito. Siku hiyo mtajie mwenzako kamba zako zote, kwa sauti, mpaka azirudie, kisha unyanyuke uende ukalale. Utakapoamka zitakuwa zinaongea. Nyingine zitakuwa zimemalizika bila wewe, na hiyo itakuuma kidogo. Iache iume.

Na laini ikinyamaza, mtafute mwenyewe umwulize.

Utakosea pia. Utachomoa ya mtu. Atakapokuja dirishani usijitetee, mpe kiti, mtafutie laini nyingine. Mimi yule bwana wa Ipogolo sikumpa kiti, na kila nikipita pale naangalia nyuso za wazee.

Nilikwisha kukwambia kwamba kesho nina zamu ya asubuhi na kwamba tutaagana hapa nyumbani. Ukaendelea tu kukunja nguo. Nimebadili. Sarafina anashika kiti changu. Jioni hii nilipita kwake nikamtajia kila kitu, akanirudishia, akanifukuza kwa sababu chakula chake kilikuwa kinaungua. Kwa hiyo nitakuwepo stendi ya Ipogolo pamoja na baba yako mpaka basi liondoke, nami nitasimama upande wa dirisha lako.

Usigeuke kunitazama kwa muda mrefu. Barabara ya Mafinga ina mashimo, utajigonga kichwa.

Mama yako